Kochi ulipime likiwa limekunjuliwa

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mkunazini, Unguja, hatujambo, ila goti la mamako tu, leo kapanda ngazi kwa kushika ukuta.

Ile picha ya chumba chenu cha huko Marekani nimeiangalia mara nyingi. Nimefurahi mmepata pahala penu na kodi mnaimudu. Lakini umesaini mkataba ndipo ukaniambia, na chumba chenyewe kiko chini ya ardhi. Baba'ako ni seremala miaka 38. Ungeniuliza kwanza, mama.

Naona kochi mnalotaka kununua mmelitengea nafasi chini ya dirisha. Lina droo za nguo za mtoto, na usiku linakunjuliwa kuwa kitanda. Kwa chumba kidogo ni wazo zuri, na umelifikiria mwenyewe. Ila kitu cha kazi mbili kina vipimo viwili, na dukani wanachokuandikia mbele ni kile cha mchana. Nyinyi mtalala kwenye kile cha usiku. Chukua futi, halafu ubandike utepe sakafuni kuonyesha kochi likiwa limekunjuliwa na droo zimevutwa. Kisha zima taa, mbebe mtoto, utoke mpaka nje. Ukigonga goti pahala popote, kochi hilo liache dukani.

Na dirisha usilizibe. Mjomba'ako wa Queens, New York, kanisimulia ile mvua ya Septemba 1, 2021. Central Park peke yake ilipata milimita 80 ndani ya saa moja, na watu 11 walikufa mjini humo katika vyumba vya chini kama hicho chenu. Wengi walikuwa wamo majumbani mwao, usiku. Toka anisimulie sijalala vizuri. Mwambie mumeo apande atoke kwa dirisha hilo mchana, nguo zake mwilini, tuone kama bega linapita. Kama halipiti, mkataba huo muurejeshe, pesa itapatikana.

Kuhusu vyombo vya kuhifadhia, usidanganywe na rangi nyeupe. Makabati mengi ya bei hiyo ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Unga huo ukinywa maji unavimba kama mkate ndani ya chai, na haurudi tena. Gonga kwa kidole upande wa nyuma, pale wasipopaka rangi, utaona. Chini ya ardhi nunua rafu za chuma, au mbao yenyewe, na kila kitu kiwe na miguu, upana wa kiganja chako kutoka sakafuni, ili hewa ipite na ukiona maji uyaone mapema. Kile kitanda cha kunyanyua godoro ukaweka mizigo ndani, mvungu wake umekaa chini moja kwa moja. Mablanketi yatanuka kuvu kabla ya baridi kwisha. Vyeti na pasi zenu zisikae chini hata siku moja, tia kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, rafu ya juu kabisa.

Ukutani pia acha nafasi ya vidole vinne. Lile kabati la chumbani mwenu hapa nyumbani nililigandisha kwenye ukuta wa upande wa bahari, likakata na nusu ya dirisha. Mamako alisema. Nilikuwa na haraka ya kulimaliza kabla ya Idi. Juzi nduguyo Yusufu kaja na bomba lake la pumu mfukoni, nikaenda nikalisogeza kabati peke yangu. Nyuma yake ukuta ni mweusi toka chini hadi kifuani. Sasa chumba kinapata upepo.

Kabati lolote la droo mlifunge ukutani kwa skrubu, mtoto keshaanza kujishika shika. Mwaka 2016 huko huko Marekani makabati ya droo karibu milioni 29 ya kampuni moja yaliitwa yarudi, kwa sababu yaliwaangukia watoto wakafa. Mwenye nyumba akikataa kutobolewa ukuta, basi msinunue la droo.

Lile sanduku la njumu la bibi yako, lile la mapambo ya shaba, ulinililia mwaka juzi, nikasema litabaki hapa. Ni la mbao ya msaji, unakalia, unahifadhia, na halijui unyevu. Nimeanza kulipaka mafuta. Mizigo ya meli nitauliza bei. Kifuniko chake ni kizito, nitakitilia mkono wa kukizuia kisimwangukie mtoto vidole.

Pesa ulizotuma zimefika, nusu nimenunua bati. Upande wa jikoni kulikuwa kunavuja juu ya mita ya umeme ya Tukuza, mamako akawa hataki hata kupita. Fundi anakuja Jumamosi. Paka kazaa watatu ndani ya kapu la nguo za kufua.

Usiku wa leo nitumie picha, sio ya mchana. Kochi limekunjuliwa, droo nje, na dirisha lionekane.

Ni mimi baba'ako.