"Kuvunja" pekee hakulibebi neno "smash"

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalonikera kila nisomapo habari za nje zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza. Neno "smash" hutafsiriwa "kuvunja" karibu kila linapojitokeza, ilhali maneno hayo mawili hayalingani uzito. Mwingereza atumiapo neno hilo hasemi tu kwamba kitu kimevunjika. Anasema kimepigwa kwa nguvu, kwa kishindo na kwa mara moja, hata hakiungiki tena. Yote hayo yamo ndani ya kitenzi chenyewe, ambacho hudhaniwa kuwa kiliundwa kwa kuigiza sauti ya pigo.

"Kuvunja" kwetu ni kitenzi kipana, na mara nyingi ni cha utulivu kabisa. Bunge huvunjwa kwa saini, mkataba huvunjwa kwa barua, na moyo wa mtu huvunjwa kwa neno moja tu, pasipo kipande chochote kuanguka sakafuni. Kwa hiyo, tukiandika kwamba wezi "walivunja duka", msomaji anaweza kudhani walikuja usiku wakang'oa kufuli kimyakimya, kumbe habari ya Kiingereza ilieleza wizi wa mchana kweupe, ambapo watu walikipiga nyundo kioo cha mbele kikatawanyika, wakakomba vilivyowekwa dirishani na kutoweka kabla mwenye duka hajatambua kilichotokea. Huo ni uhalifu wa namna nyingine, na sentensi yetu imeuficha.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tofauti ni kwamba nguvu ambayo Kiingereza huifungia ndani ya kitenzi, sisi aghalabu huiweka katika neno linalokifuata, tena kwa kuzingatia ni kitu gani kimeharibika. Chungu huvunjika tikitiki. Gari lililogongwa na treni hupondeka nyang'anyang'a, na tunda lililokanyagwa huwa rojorojo. Ukuta hubomoka, fuvu hupasuka, wala hakuna mzungumzaji hodari atakayebadilishana vitenzi hivyo viwili. Nasikitika kwamba maneno kama "tikitiki" na "nyang'anyang'a" ndiyo ya kwanza kufutwa habari inapofupishwa, kana kwamba ni mapambo, ilhali ndiyo yaliyobeba maana.

Katika habari za polisi kosa hili huzaa utata wa wazi. Kichwa kisemacho "Polisi wavunja mtandao" kinaweza kumfanya mtu adhani mitambo ya intaneti imeharibiwa, hasa sasa ambapo neno "mtandao" lina maana ya intaneti na pia ya genge la wahalifu. "Kusambaratisha" lipo, linaeleweka, na linaonyesha genge lililotawanywa lisiweze kukutana tena.

Michezoni nako kuna jambo la kupima. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90 katika mchezo wa kuruka mbali, wakati rekodi ya dunia ilikuwa mita 8.35. Mwaka 1991 jijini Tokyo, Mike Powell aliruka mita 8.95. Kusema kwamba wote wawili "walivunja rekodi" ni kweli, lakini sentimita 5 si sawa na sentimita 55. Powell aliivunja rekodi. Beamon aliivunjilia mbali, na kiambishi "-ili-" kilichoongezwa kwenye kitenzi pamoja na neno "mbali" vinatosha kumwonyesha msomaji ukubwa wa tendo. Kuhusu timu iliyofungwa mabao mengi sina malalamiko, kwa kuwa waandishi wa soka wamekwisha kujitosheleza kwa "kubamiza", "kucharaza" na "kugaragaza".

Hata katika sayansi tahadhari inahitajika. Mtambo mkubwa wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ulio karibu na Geneva, wenye njia ya mviringo ya kilomita 27 chini ya ardhi, ni mmoja wa mitambo ambayo magazeti ya Kiingereza huiita kwa neno lenye "smash" ndani yake. Kuuita "mashine ya kuvunja atomu" kunapotosha, maana kazi yake kuu ni kugonganisha protoni, yaani chembe ndogo zilizomo ndani ya atomu, zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. "Kigonganishi" ni jina sahihi zaidi.

Ninachowaomba wahariri wa habari za nje ni kwamba, kabla ya kuandika "kuvunja", waulize kwanza ni kitu gani kilichopigwa na kimebaki katika hali gani, kisha waliache neno la kishindo mahali pake hata kama nafasi ni finyu.

Msomaji wenu wa kila siku