Hiyo amri kutoka juu tuonyeshwe

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu kifungua mimba wangu yuko darasa la pili, na sikuwahi kuwaandikia hata mstari. Taarifa yenu ya Jumanne imenishinda kunyamaza. Eti barua ambazo ofisi za serikali huandikiana kuhusu namna askari wanavyosimamisha na kupekua watu njiani, mwananchi wa kawaida hana haja nazo! Mimi ni mwananchi wa kawaida na haja ninayo.

Mwaka jana kitinda mimba wangu, kijana wa miaka 19, alirudi nyumbani baada ya Isha mfuko wa suruali umening'inia nje, magoti yote mchanga. Nilikuwa nimemtuma uzi mweusi wa cherehani. Askari wawili walimsimamisha, wakamkalisha chini, wakamwaga kila alichokuwa nacho: simu, kitambulisho, ule uzi, na pampu yake ya pumu. Pampu wakaitikisa, wakaifungua kifuniko, wakainusa. Hawakuchukua kitu, sitawasingizia. Lakini alipouliza amekosa nini, jibu lilikuwa moja tu: amri kutoka juu.

Nikaamua kuitafuta hiyo amri. Kama kweli ipo, imeandikwa mahali, na kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nikaandika barua kwa mkono wangu, nikaipeleka ofisini. Kijana wa kaunta akasoma mstari wa kwanza akanirudishia: "Mama, hapa tunapokea za Kiingereza." Kisha akaniuliza naitakia nini. Mhariri, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema waziwazi kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Inasema pia kwamba haki hiyo haitegemei sababu ya mwombaji. Kupeleka ombi hakulipiwi hata senti, na majibu yanatakiwa ndani ya siku 21. Nilirudi na vifungu vyote nimevinakili kwenye karatasi. Barua wakaipokea shingo upande, bila muhuri. Siku 21 nikazihesabu kwenye kalenda ya ukutani, moja moja, zikaisha. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa haionekani, na kwa kuwa sina nakala yenye muhuri, ni kama sikuandika kabisa.

Na hili la lugha linaniuma peke yake. Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi. Kura tunaombwa kwa Kiswahili, na askari hutukemea kwa Kiswahili. Lakini karatasi ya shamba, ya hospitali, ya mahakama, yaani kila karatasi inayoweza kumtoa mtu nyumbani kwake, inakuja kwa Kiingereza, nasi tunatafuta watoto wa jirani watusomee.

Sisemi askari wasipekue. Vijana wa mapanga tumewaona huku kwetu. Sheria inawaruhusu kumpekua mtu anayeshukiwa, kwa sababu ya maana, kuwa na mali ya wizi. Hiyo sababu ya maana wameelezwa ni ipi? Ni saa? Ni mtaa? Ni kanzu, au ni nywele? Ndiyo ninayotaka kuisoma katika barua hizo.

Waraka wa upekuzi ubandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, katika kila kituo cha polisi, kila steji ya matatu, na pale tunaposubiri feri. Askari wa doria apewe daftari lenye karatasi ya kaboni, aandike jina lake, nambari yake, saa, sababu na alichokikuta, na nakala ampe aliyepekuliwa. Uingereza, tulikorithi sheria zetu nyingi za jinai, sheria ya 1984 inampa aliyepekuliwa haki ya kupata maandishi hayo. Na kila kaunta ya serikali iwe na muhuri wa "Imepokelewa", ufungwe kamba mezani.

Barua ya pili nimeimaliza jana, kwa Kiswahili, nakala mbili. Naipeleka Jumatatu.

Fundi cherehani,
Likoni, Mombasa