Barua ya wazi: Mheshimiwa, mama yangu hawezi kuteremka

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Naamini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na wasaidizi wako, hasa yule kijana wa mapokezi ambaye siku hizi ananijua kwa sauti kabla sijafika mlangoni. Barua zangu za mwanzo nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikapewa nakala. Nakala ninazo. Majibu ndiyo sina, na kwa sababu hiyo hii naiandika mbele ya watu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja, baada ya mvua za vuli kutunyeshea mfululizo, ngazi ya nyumba yetu hapa Kiponda, Mji Mkongwe, iliporomoka. Haikuanguka yote, ni ule mzunguko wa kati baina ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Alhamdulillahi hakuwapo mtu. Asubuhi akaja mtu kutoka ofisini kwako, akapiga picha kwa simu yake, akabandika karatasi kwenye mlango wa nje: HATARI. Tunashukuru kwa kutuarifu.

Mlango wenyewe, kama hujawahi kuuona, ni wa nakshi, na wageni huupiga picha kutwa. Sasa wanaupiga picha pamoja na karatasi yako.

Vijana wa barazani wametufungia ngazi ya mbao, ile ya mafundi rangi. Mimi nafunga buibui kiunoni napanda. Mama yangu hawezi. Ana zaidi ya miaka themanini, ana sukari, ana presha, na magoti yalishamkataa zamani. Siku ya kliniki vijana walimteremsha kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kamba, naye anasoma shahada tangu juu mpaka chini. Waliporudi kumpandisha aliniambia, "Mwanangu, mara nyengine mtaniteremsha kwa jeneza." Tangu hapo yuko juu. Dawa nazifuata mimi, maji nayapandisha mimi kwa ndoo maana bomba la juu lilikatika pamoja na ngazi, na usiku silali, nasikiliza kuta.

Utaniuliza mbona hatuhami. Tuhamie wapi? Zile nyumba mpya za Fumba zinatajwa kwa dola. Mama alikuja mjini kutoka Wete, Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilipochukuliwa na serikali na watu wa kawaida wakapewa vyumba. Mimi nimezaliwa chumba kile kile anacholala sasa. Kodi tunailipa kwa serikali, na ndiyo, ni ndogo, najua utaitaja. Lakini hatukuipanga sisi.

Na hapa niseme jambo ambalo wakubwa wanalipita haraka. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja, jamaa zake na watumishi wake. Zilipogawiwa familia nyingi, kila mtu alijua chumba chake. Paa na ngazi vikawa si vya mtu. Wa chini anasema paa halimhusu, wa juu anasema msingi haumhusu, na mwenye nyumba, ambaye ni nyinyi, anasema fungu la fedha halijatoka. Maji yakiingia juu hayaulizi ni ya nani. Yanateremka ndani ya ukuta, yanafika kwenye vichwa vya boriti, yanaozesha kimya kimya. Ngazi yetu haikuanguka Ijumaa. Ilianza kuanguka siku paa lilipotoboka, na barua yangu ya kwanza kwako ilikuwa ya paa.

Fundi mzee wa mtaani alikuja kutazama, akachokonoa ukuta kwa kidole. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Miaka ya nyuma alitumwa mkandarasi, akapiga plasta ya saruji kwa sababu inakauka haraka na inapendeza machoni siku ya makabidhiano. Saruji ikaufungia unyevu ndani. Fundi anasema hilo ndilo lililotumaliza. Mimi naongeza langu: hoteli ya jirani imepandisha matangi makubwa ya maji darini, na ukuta wa upande ule haujakauka tangu hapo. Sina chombo cha kupimia, nina macho tu. Na wapo wanaosema mtaani kwamba nyumba inaachwa makusudi ianguke ili kiwanja apewe mwekezaji. Mimi sikuwa naamini maneno hayo. Kila wiki inayopita bila jibu nakaribia kuyaamini.

Mheshimiwa, hakuna Mzanzibari anayehitaji kuelezwa jengo linaangukaje. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Sayyid Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliimiminia Forodhani mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani yake ikabomoka, Beit al-Ajaib ikasimama. Ikayavuka na Mapinduzi. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, mchana kweupe, na ukarabati umeshaanza, upande mmoja ukaanguka na watu wawili wakafa. Mizinga haikuweza. Kuchelewa kukaweza. Na lile lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima, viongozi walifika kulitazama. Sisi wa kichochoroni tukianguka atakuja nani, yule wa kupiga picha kwa simu?

Kabla ya uchaguzi ulikaa kwenye baraza yetu, ukanywa kahawa, ukasema nyumba za serikali zilizo mbovu zitatengenezwa kabla ya masika. Hukusema masika ya mwaka gani, na sisi kwa adabu hatukuuliza.

Tulipochoka tulichanga wenyewe. Familia zote za nyumba, hata wale wasiosemeshana. Tukaenda kuomba kibali tutengeneze ngazi yetu kwa fedha zetu. Tukaambiwa huu ni mji wa urithi, UNESCO waliuandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mtu hagusi jiwe mpaka michoro ipitishwe. Sawa, sheria ni njema na mimi mwenyewe sitaki mji huu uharibiwe. Lakini hiyo hoteli ya jirani ilivunja ukuta ikaweka lifti, na kazi ilikwenda mbio. Kwa hiyo michoro inapitishwa. Yetu tu ndiyo inayosubiri kikao. Tumekatazwa kutengeneza, na anayetukataza hatengenezi. Niambie, mpangaji afanye nini hapo? Ashike ukuta kwa mikono?

Nilikuwa na mengi ya kuomba. Kwenye barua za mwanzo niliomba paa, mabomba, plasta ya saruji ibanduliwe na ukuta upigwe chokaa, mtaalamu aje apime nyumba nzima, na matangi ya jirani yakaguliwe. Hayo yote bado nayataka na utayaona kwenye nakala kama mafaili hayajapotea. Leo nimeyaweka kando. Leo naomba ngazi.

Ngazi tu, Mheshimiwa. Mzunguko mmoja wa kati. Boriti za mikoko hazipatikani kirahisi siku hizi kwa sababu mikoko inalindwa, hilo naelewa, lakini serikali haikosi njia ya kupata boriti chache. Chokaa ipo. Mafundi wanaoijua kazi wapo, mmoja anakaa mtaa wa pili na hana kazi. Kama fedha hamna, tieni sahihi kibali chetu, fedha za mchango ziko kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, na mchango wenyewe umeandikwa jina kwa jina. Kama na kibali ni kizito, basi njoo mwenyewe, upande kwa ngazi ya mafundi rangi, umweleze mama kwa nini. Anapokea wageni baada ya alasiri.

Masika ni Machi. Nasubiri jibu kwa maandishi, safari hii lenye tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji wa ghorofa ya pili,
Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar.

Nakala: ubao wa matangazo wa shehia, ili na wa mitaa mengine wenye karatasi mlangoni wasome.