Neno moja lililogeuka tulipoazima sheria ya Ulaya

Mhariri,

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Natoa fotokopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za serikali, na msimu wa tasnifu ukifika wanafunzi huniletea flashi zao niwapangie kurasa. Mwezi uliopita alikuja kijana anayesomea shahada ya uzamili ya sheria. Kazi yake ililinganisha Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ile wanayoiita GDPR. Alikuwa na jedwali refu: kushoto Ulaya, kulia Kenya, na safu ya mwisho ya uamuzi wake. Inafanana. Inafanana. Inafanana.

Mimi nikichapa husoma, ni ugonjwa wa kazi hii. Na kweli mengi yanafanana. Data za watu zikivuja, aliyezishika ana saa 72 za kumwarifu msimamizi, ambaye kwetu ni Kamishna wa Data, kule na huku. Lakini nilipofika mstari wa faini, vidole vilisimama. Ulaya, kwa makosa mazito, kikomo ni yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, kiasi kitakachokuwa kikubwa. Kwetu, kifungu cha 63, kikomo ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kitakachokuwa kidogo. Kijana ameandika: inafanana.

Nikamwita, "Mwanangu, hebu njoo uone." Akanijibu kwa adabu kwamba viwango lazima vitofautiane, uchumi wetu si wa Ulaya. Nikamwambia mamilioni nayaacha, nauliza kuhusu kikubwa na kidogo.

Mhariri, nilifundisha hesabu darasa la saba kabla ya kufungua saiba, kwa hiyo nivumilie. Saiba kama yangu ikiuza kazi za shilingi 900,000 kwa mwaka, asilimia 1 ni 9,000, na hicho ndicho kikomo changu. Kampuni inayouza bilioni 3, asilimia 1 yake ni milioni 30, lakini kwa kuwa sheria inachukua kidogo, itaishia milioni 5. Yaani mimi naweza kutozwa shilingi kumi kwa kila elfu niliyouza, na yule mkubwa hazifiki hata mbili. Mauzo yakishapita milioni 500, faini ya Kamishna wa Data haipandi tena hata kampuni ikue mara mia. (Fidia kwa aliyeumizwa na kesi za jinai zina vifungu vyake, sizigusi hapa.) Ulaya mambo ni kinyume, ukikua na kikomo kinakua nawe. Ndiyo maana Mei 2023 Ireland iliweza kuitoza Meta, kampuni yenye Facebook, yuro bilioni 1.2.

Simlaumu sana kijana. Wifi yangu aliwahi kukopa shilingi 4,000 kwenye programu moja ya simu. Alipochelewa siku tatu, walipigiwa simu watu wote waliokuwa kwenye simu yake, mimi nikiwemo, na mweka hazina wa chama chetu, na fundi aliyemshonea sare za watoto. Wifi hakuja kwenye chama miezi miwili. Wenye biashara ya namna hiyo wakiipiga hesabu ya kifungu cha 63, milioni 5 wataiweka pamoja na kodi ya ofisi na bili ya stima.

Nakiri kwamba kidogo hicho kinanifaa mimi. Kwenye kompyuta zangu kuna vitambulisho vya nusu ya Kondele, na nina daftari lenye nywila za watu wanaozisahau kila Juni wakati wa kuwasilisha ritani. Sitaki kuamka siku moja na deni la milioni 5. Basi kidogo kibaki kwa wadogo, na kikubwa kiwe kwa wakubwa. Kutenganisha si jambo geni: kanuni za usajili za 2021 tayari zinamsamehe kujisajili mwenye mauzo chini ya milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi, isipokuwa walio katika kazi zilizotajwa. Wabunge waitumie akili hiyohiyo kwenye faini.

Kuazima sheria tumezoea. Mpaka leo Sheria ya Mahakama inatuelekeza kwenye sheria za Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897. Na Ulaya yenyewe haidai nakala: mwaka 2015 mahakama yao ya Luxembourg ilisema ulinzi wa data wa nchi ya nje si lazima uwe uleule, mradi kimsingi uwe sawa na wao. Watafiti wetu sasa wanakimbilia kuonyesha kwamba tuko sawa, ili data za Ulaya zije huku bila vikwazo, na kazi za mtandaoni nazo zije. Wangeanza na pale tulipogeuza, wamuulize aliyegeuza alikuwa akimlinda nani.

Kijana aliondoka akisema atalirudia lile jedwali. Flashi yake aliisahau, iko kwenye droo yangu na tasnifu nzima ndani. Aje aichukue.

Mama Saiba,
Kondele, Kisumu