Barua kwa Zuhura: riwaya yako imo kwenye kadi ya babu

Zuhura shoga yangu,

Za siku nyingi, mama hajambo, watoto wamefungua shule salama? Meseji yako niliiona usiku nikasema hii siijibu kwa haraka haraka kwenye simu, hii nakaa nakuandikia barua kabisa kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani. Unasema unataka kuandika riwaya na pia ile insha ya maisha yako, muda unakwenda na wazo huna, af ukanitumia listi: mkonge wa Tanga, ndoa za utotoni, vijana na kubeti, uchawi kazini, vita ya nyuki. Nimeisoma yote. Ni vitu vizito na vingine unavijua kuliko watu wengi, ila shoga hapo bado hujaniambia stori. Ukimwambia edita "nataka kuandika kuhusu mkonge" atakujibu vizuri sana hongera, basi, hana cha kuuliza. Mimi nataka uniambie ni nani, anataka nini, na kuna kitu gani kimemkalia njiani ambacho akikitoa kitamgharimu. Hapo mtu atauliza mwenyewe "halafu ikawaje", na akishauliza hivyo umempata.

Tuanze na hiyo vita ya nyuki maana najua unaipenda. Novemba 1914 Waingereza wanashusha wanajeshi kutoka India hapo Tanga, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake wanawapiga, nyuki nao wanawatoka watu porini, kila mtoto wa Tanga kasimuliwa. Ni tukio kubwa lakini halina mtu ndani, na ukiliandika hivyo utajikuta unaandika majenerali. Sasa jiulize ile mizinga ilikuwa ya nani? Hebu fikiria mzee mmoja aliyetundika mizinga yake kwenye miti upande ule wa Ras Kasone, asali ndo mahari ya mwanawe, na vita imekuja kutua juu yake, mji umeshakimbia na yeye hataki kuondoka. Hiyo naisoma. Nimeitunga sasa hivi nikiandika, ichukue kama unaitaka, mi siidai.

Angalia alivyofanya Adam Shafi, yule mwandishi wa Zanzibar, kwenye riwaya yake Kuli. Mgomo wa makuli wa bandarini Zanzibar ulikuwepo kweli, 1948, mtu angeweza kuuandika kama ripoti ukaishia maktaba. Yeye akamfuata kijana mmoja, Rashidi, mtoto wa kuli, akatuonyesha mzigo unavyombana mtu mgongoni kabla hatujafika kwenye mgomo, kwa hiyo mgomo ukifika tayari sisi wasomaji tuna hasira zetu. Kitabu kimetoka 1979 na mpaka leo watu wanakisoma, na hawakisomi kwa sababu ya tarehe.

Haya, mkonge. Hapa ntakaa maana hapa ndo una mali na hujaiona.

Historia yake unaijua lakini acha niiseme kidogo nione wapi pana mlango. 1893 Mjerumani Hindorf anaagiza miche elfu moja kutoka Florida, inapita Hamburg, inayofika hai Tanga ni 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 nchi nzima ile ikageuka mashamba, Pangani, Muheza, Korogwe, kwenda mpaka Morogoro, na miaka ya sitini mwanzoni Tanganyika ndo ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Watu wa kukata hawakutosha, wenyeji hawakuipenda ile kazi, kwa hiyo 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inakusanya vijana mbali huko, Kigoma, Songea, mpaka nje ya nchi, ndo manamba hao. 1967 mashamba mengi yakataifishwa, bei nayo ilishaanza kushuka kwa sababu ya nailoni, kambi zikabaki na wazee ambao hawakurudi kwao. Yote haya ni ya kweli na yote haya bado hayajawa riwaya, maana hapo nani analia? Hakuna.

Sasa kumbuka siku ile mwezi wa Ramadhani tulipokuwa kwenu, mama akatoa kopo la biskuti kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako, ikatoka ile kadi ya kipande ya babu yenu alipokuwa manamba. Mi niliishika. Karatasi ngumu ya rangi ya chai, vyumba thelathini vya siku za kazi, kila siku aliyomaliza kazi nyapara kaweka alama kwa penseli, nyingine kakandamiza mpaka karatasi imebonyea nyuma. Af siku ya ishirini na tatu, peupe. Kabla yake alama, baada yake alama. Niliuliza mama akasema "hata sijui mwanangu, babu yenu hakuwa mtu wa kuongea", na akaifunga kwenye kopo tukaendelea na futari. Mimi ile nafasi nyeupe imekaa kichwani mpaka leo, na wewe uliyezaliwa nayo nyumbani unaniandikia eti huna wazo!

Ile ndo riwaya. Usianze na 1893, usianze na Wajerumani, anza na hiyo siku. Siku bila alama maana yake kazi ya siku nzima haijahesabiwa, na kipande kisipojaa hela ya kipande hupati. Kwa nini nyapara hakuweka? Aliumwa? Aligoma? Alikata majani mazuri kabisa, mafungu yake yakahesabiwa ya mtu mwingine? Usikimbilie jibu la kwanza maana jibu la kwanza kila mtu analo (aliumwa homa, basi imeisha). Tafuta jibu ambalo linamtia mtu kwenye kona. Mimi nilijaribu nikapata hili, nakuandikia kama ambavyo ungemwandikia edita ili uone urefu wake tu:

"Kijana wa Kasulu anaandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga mwaka 1951 ili arudi na hela ya mahari kabla mchumba wake hajaozwa kwa mwingine. Siku moja mwenzake wa kitanda anatoroka usiku, na nyapara anamwambia alama ya siku hiyo hapewi mpaka aseme mwenzake kaelekea wapi."

Umeona? Sentensi mbili. Kuna mtu, kuna anachokitaka, kuna muda unamkimbia, na kuna mlango ambao akiufungua anamuuza mwenzake. Nilimsimulia dada anayeuza chapati hapa mtaani kwetu wakati nasubiri zangu, sikumwambia ni kitabu, nilimwambia tu kuna stori nimeisikia. Aliacha kusukuma akaniuliza "akamtaja?" Sikuwa na jibu na sikumpa, lakini pale nilijua limekaa. Wewe ufanye hivyohivyo, na usiwasimulie waandishi wenzio maana hao watakusifia, msimulie mtu ana kazi zake mkononi. Akiendelea na kazi, badilisha.

Maswali mengine utayapata ukianza kuuliza wazee hapo kambini wakati bado wapo. Mfano safari yenyewe. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, yaani reli ya kati na ile ya Tanga, imefunguliwa 1963, kwa hiyo babu wakati wake hakuweza kupanda treni Kigoma akashukia Tanga. Alishukia wapi? Akaendelea na nini, na walilala wapi, na nani alikuwa na chakula? Ukipata mzee mmoja akikueleza huo usiku mmoja wa njiani umepata sura nzima. Na uliza vitu vya mwilini, usiulize "maisha yalikuwaje", hilo swali watu wanajibu "yalikuwa magumu" wananyamaza. Uliza utomvu wa mkonge ulikuwa unawasha wapi. Uliza ncha ya jani ikikuchoma ulifanyaje. Uliza harufu ya yale maji ya korona, kile kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, ilikuwa inafika mpaka wapi jioni, na nani alikuwa anaoga kwanza.

Na usidhani nakulazimisha mkonge tu. Hapo juu Amani, kwenye milima ya Usambara, ile stesheni ya utafiti ya Wajerumani tangu 1902, kuna riwaya nyingine imelala: mzee wa Kisambaa anayempelekea mtaalamu majani, anamwambia hili la homa, hili la tumbo, af kitabu kinatoka na jina lake halimo. Anataka nini huyo mzee? Ukijibu hilo vizuri tunaongea.

Insha sasa. Hii nakuomba uichukulie tofauti kabisa na riwaya maana naona umezichanganya. Umeandika "insha kuhusu familia yetu na historia ya manamba". Hiyo ni riwaya ileile umeivua nguo. Insha ya maisha yako inabebwa na swali lako wewe, ambalo hujalimaliza, na ambalo linakuudhi kidogo kuliuliza. Nakumbuka harusini kwa binamu yako yule MC aliposema kila kabila wasalimie kwa lugha yao, wakasalimia Wabondei, wakasalimia Wasambaa, meza yenu mkatazamana. Wewe ukiulizwa kabila unasema Muha wa Kigoma bila kusita, na Kiha hujui hata kusalimia, na baba yako anakijua! Uliniambia mwenyewe alikuwa anaongea na babu Kiha chini ya mwembe, nyie mkisogea wanahamia Kiswahili. Kwa nini? Aliona aibu? Alikuwa anawakinga na utani wa shuleni wa kuitwa watu wa kambini? Au ilikuwa ndo sehemu pekee yeye na baba yake walikuwa wawili tu na hakutaka mtu aingie? Mi sijui na wewe hujui, na ndo maana ni insha.

Ukimwandikia edita wa jarida usimwelezee umuhimu wa lugha za asili, hapana, utamchosha. Mwambie: "Baba yangu anajua Kiha, mimi sijui, na kila nikimsogelea alikuwa anabadilisha lugha. Nataka kuandika kuhusu mwezi nitakaomwomba anifundishe." Hapo kuna kitu kitatokea, anaweza kukubali, anaweza kukataa, anaweza kukufundisha maneno ya mkonge peke yake. Na kabla hujatuma popote ongea na baba na shangazi, wako hai, watasoma, na kuna vitu huenda ni vyao sio vyako. Wakisema hili usiweke, usiweke, insha haitakufa.

Upande wa kutuma usichanganye pia. Insha unaweza kuuza wazo kabla hujaiandika, barua fupi ya aya mbili tatu inatosha, useme ni nini, kwa nini wewe, na itakuwa ndefu kiasi gani. Riwaya kama ndo ya kwanza andika mpaka mwisho kwanza, halafu ndo unamtumia mchapishaji muhtasari wa ukurasa mmoja na sura za mwanzo, na kwenye muhtasari mwisho unautaja, usimfiche edita eti utamharibia utamu. Tuzo nazo, kama ile ya Mwalimu Nyerere inayotolewa Aprili 13 siku yake ya kuzaliwa, zinataka muswada mzima, kwa hiyo wazo zuri peke yake halikufikishi, lazima ukae ukate kurasa. Ndo maana nasema wazo ulichague vizuri mapema, utaishi nalo ndani mwaka mzima au zaidi, kama ni lile la kubeti ulilolichukua kwa sababu watu wanaliongelea sasa hivi, baada ya miezi mitatu utalichoka.

Basi fanya hivi. Nenda Jumamosi kwa mama, ipige picha ile kadi mbele na nyuma unitumie, nyuma nadhani kulikuwa na muhuri wa shamba na mwaka, tukiujua mwaka tutajua hiyo 1951 yangu inakaa au inatoka. Muulize baba, akiwa amekula, babu alikuwa analala chumba kimoja na nani kambini. Af niandikie sentensi mbili za riwaya na tatu za insha, hata kwa voisi, hata kama hazijakaa sawa, mi nikizipata ntakupigia siku hiyohiyo. Mama umpe shikamoo yangu, na ile achari ya embe kama amebakiza mwambie naisubiri na basi la Jumatatu.

Wako,
Rehema