Shamba la babu wa mwenye nyumba wako

Mwanangu Neema,

Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako na hiyo baridi ya Nebraska.

Umeniandikia kwamba mwenye nyumba wako anajivunia babu yake, aliyepewa shamba bure na serikali. Hasemi uongo. Sheria aliyoitia saini Rais Lincoln mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo tu, mradi akae hapo miaka mitano na alime. Hata mwanamke asiye na mume aliruhusiwa. Wewe muulize: kabla ya babu, lilikuwa la nani?

Muulize kwa adabu lakini, maana babu naye hakula raha. Tambarare zile miti ni ya kutafuta. Watu walikata udongo kwa plau pamoja na nyasi zake, wakavipanga vipande kama matofali, wakahamia humo na watoto. Mvua ikinyesha, matope yalidondoka kutoka darini mpaka kwenye sufuria. Kuni hakuna, wakapikia kinyesi kikavu cha nyati wa huko. Mwaka 1874 wakashuka nzige, wakafyeka mashamba. Wengi walifungasha virago kabla hata ya kupata hati.

Sasa nani aliwapeleka? Umaskini wa Ulaya, ndiyo, lakini usiisahau reli. Serikali ilizipa kampuni za reli mamilioni ya ekari kandokando ya njia, nazo zikatuma mawakala hadi Ujerumani na Sweden kutafuta wanunuzi. Treni bila mkulima wa kuipakia ngano ingebeba nini? Njia iliyoanzia Omaha, hapo hapo jimboni kwako, ilikutana na ile ya Sacramento huko Utah tarehe 10 Mei 1869. Upande wa California, waliopasua milima wengi wao walikuwa Wachina.

Watu weusi nao walikwenda. Mwaka 1877 waliotoka utumwani Kentucky walianzisha mji wa Nicodemus, Kansas. Hao moyo wangu unawaonea huruma, ingawa ardhi waliyoikimbilia nayo ilikuwa na wenyewe.

Wenyewe ndio hao, makabila ya wenyeji wa Marekani: Walakota, Wapawnee, Wacheyenne na wengine. Nyati waliokuwa chakula chao, mavazi yao na mahema yao, waliuawa kwa mamilioni, ngozi zikapelekwa viwandani, nyama ikaachwa ioze. Mkataba wa 1868 uliwahakikishia Walakota milima ya Black Hills. Dhahabu ikaonekana 1874, na kufika 1877 Bunge lilikuwa limeichukua milima. Kisha ikaja Sheria ya Dawes ya 1887, ambayo kwa maoni yangu iliwaumiza kuliko bunduki. Ardhi ya kabila ilikatwakatwa viwanja vya familia, na iliyoitwa ziada ikauzwa kwa walowezi. Wenyeji walikuwa na ekari milioni 138. Kufika 1934 walibaki na kama milioni 48.

Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikiri kwamba Black Hills ilichukuliwa bila malipo ya haki, ikaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota wameikataa mpaka leo, nayo inazidi kukua, riba juu ya riba. Wanataka milima yao.

Niandikie atakachokujibu.

Baba yako