“Mbona Kwenye Simu Chumba Kilikuwa Kikubwa?”

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kutoka Muscat. Ni dada wa Kitanzania anayefanya kazi huko, alikuwa amempangia mama yake nyumba Goba, Dar es Salaam, baada ya kuizunguka yote kwa simu kupitia linki tuliyoitengeneza sisi. Kodi ya miezi 6 keshalipa, dalali keshachukua mwezi wake mmoja, mama keshahamia. Kitanda cha 6 kwa 6 kimefika, kabati la nguo limefika, na vyote viwili havienei chumbani. “Kaka, mmeniibia,” ndivyo alivyoanza, salamu hakuna. “Kwenye simu chumba kilikuwa kikubwa!”

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi tangu tuanze kazi hii ya ziara za nyuzi 360, yaani picha za pande zote zinazomwezesha mtu kuizunguka nyumba akiwa kwenye simu yake, na nimekuwa nikiyajibu mmoja mmoja kwa simu. Leo nayajibu hapa, kwa wapangaji, kwa wenye nyumba na kwa madalali pia.

Kesho yake nilikwenda Goba na futi kamba. Kile chumba kina mita 2.7 kwa 3. Kitanda cha futi 6 ni sentimita 183, kabati lina kina cha sentimita 60. Ukivipanga ubavu kwa ubavu unabakiwa na sentimita 27, na hapo mtu hapiti. Kabati huwezi kulipeleka miguuni kwa kitanda kwa sababu ndiko mlango unakofungukia kwa ndani. Yule mama, mtu mzima, alinipokea vizuri akanipa na chai, lakini nguo zake zilikuwa bado kwenye mabegi sebuleni. Niliona vibaya sana.

Sasa, picha zetu hazikudanganya. Hatukunyoosha ukuta wala kusogeza dirisha. Lakini dada yule hakupewa namba hata moja ya kumsaidia kujua ukubwa wa kile anachokiona, na hapo ndipo penye mgogoro. Mwenye nyumba alichukua kifurushi chetu cha shilingi 270,000 badala ya kile cha 350,000 chenye ramani ya sakafu na vipimo. Nilipomweleza tofauti alisema, “Vipimo vya nini, si watajionea wenyewe?” Akaokoa 80,000. Mimi nikakubali, na kukubali kwangu ndiko ninakokujutia.

Niwaeleze kwanza kwa nini chumba hukua kwenye simu. Kamera ya kawaida ya simu, ukiigeuza kwenye ile 0.5, yaani lenzi pana ambayo madalali wengi wanaipenda, huvuta pembe za chumba kwenda nje. Kilicho karibu kinakuwa kikubwa, ukuta wa mbele unasogea mbali. Sebule ya kuweka kochi moja inaonekana kama ukumbi. Kwenye ziara ya nyuzi 360 tatizo ni jingine: programu ya kuonyeshea ina kipimo cha upana wa jicho. Ukikifungua hadi nyuzi 120, kila chumba kinapanuka. Sisi tunakifungulia kwenye 80 hivi, na kamera tunaiweka mita 1.5 kutoka sakafuni, urefu wa macho ya mtu wa kawaida aliyesimama. Hata hivyo mtazamaji akibana na kuachia vidole, upana unabadilika, na hilo siwezi kumzuia. Tena chumba kitupu hakina cha kulinganishia. Kitanda, kiti, ndoo, hata mtu aliyesimama mlangoni, vyote hulisaidia jicho kukadiria ukubwa. Ukuta mweupe na sakafu tupu havisemi kitu.

Kwa hiyo ukiangalia nyumba yoyote mtandaoni, iwe yetu au ya mwingine, hesabu marumaru. Nyumba nyingi mpya za Dar zimewekwa marumaru za sentimita 60 kwa 60, za zamani kidogo zina 40 kwa 40 au 30 kwa 30. Muulize dalali ni saizi gani, kisha hesabu kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba kile cha Goba kina marumaru 4 na nusu upande mmoja na 5 upande wa pili. Dada yule angehesabu akiwa Muscat, angejua kabla ya kutuma hela. Lakini kazi hiyo ilikuwa yetu, haikuwa yake.

Tukija kwenye bei, maana najua wapo wanaosoma wakisema, “350,000 kwa picha tu?” Nyumba ya vyumba 3 yenye uwanja ina pointi kama 30 hivi za kusimamisha kamera. Kila pointi tunapiga mara 5 kwa mwanga tofauti, kwa sababu dirisha la Dar saa nne asubuhi linawaka kama taa na pembe ya chumba ina giza, na kamera haiwezi kuviona vyote viwili kwa mpigo mmoja. Hiyo ni mipigo 150. Kamera inaona pande zote, kwa hiyo kila mpigo inabidi mpigaji ajifiche: nyuma ya mlango, bafuni, nje ya geti. Kisha kuunganisha, kufuta miguu ya stendi, kusawazisha rangi ili ukuta wa krimu usiwe wa njano chumba hiki na wa kijani chumba kile. Kioo cha kabati nacho kina kazi yake, kwani kamera ya laiza, ile inayopima umbali wa kuta, hudhani kuna chumba kingine ndani ya kioo, na lazima tukitie alama kimoja kimoja, la sivyo ramani inatoka na chumba ambacho hakipo. Halafu vipimo tunavihakiki kwa futi kamba. Kupiga ni nusu siku, mezani ni siku nzima na zaidi. Na bado picha zote tunazikata vipande vidogovidogo ili simu ipakue kile tu mtu anachokitazama, maana mpangaji yuko kwenye bando la siku na ziara nzito inamlia yote kabla hajafika jikoni.

Hapo sijataja mafuta ya kutoka Sinza hadi Kigamboni na foleni ya pantoni.

Njia ya mkato ya pili, ambayo imewagharimu watu kuliko hii ya vipimo, ni kuficha vyumba. Mzee mmoja wa Tegeta alituita kupiga nyumba yake ya kupangisha. Tukafika, shikamoo, marahaba, akatuzungusha. Tulipofika choo cha wote akasimama mbele ya mlango. “Hapa mruke, na stoo mruke.” Ndani ukuta ulikuwa umepanda unyevu mpaka usawa wa kiuno, rangi imebanduka, na harufu ya fangasi unaisikia kutoka kwenye korido. Nilimwambia, mzee, mtu akiwa ndani ya ziara anaona mlango. Anaubonyeza. Usipofunguka, anaubonyeza tena. Baada ya hapo anakipigia hesabu chumba hicho kimoja kuliko vyote ulivyomwonyesha. Hakukubali, nyumba ni yake, tukaruka.

Simu zilikuja nyingi, zote zikiuliza swali moja: ule mlango wa kulia una nini? Dalali wake akawa anajibu anavyojua. Wawili walikwenda mpaka Tegeta, wakafungua mlango, wakageuza. Nyumba ya 600,000 kwa mwezi ikakaa miezi 2 tupu. Mwishowe mzee akaita fundi, wakachimba pembeni ya msingi, wakarekebisha bomba lililokuwa likivuja ukutani, wakapiga plasta upya na rangi. Akanipigia niongeze hivyo vyumba viwili tu. Haikuwezekana. Rangi ya korido imebadilika, taa zimebadilika, kochi la mfano limehamishwa. Ukiunganisha picha mpya na za zamani mtazamaji anaona korido mbili tofauti katika nyumba moja. Tukapiga yote upya, akalipa mara ya pili. Safari hii choo kimo, na tulimshauri aandike wazi kwenye tangazo kwamba ukuta ulikuwa na unyevu na umetengenezwa. Alipata mpangaji, mama mmoja mwalimu, aliyeniambia aliichagua nyumba hiyo kwa sababu sentensi ya namna hiyo aliiona kwenye tangazo hilo tu kati ya matangazo yote aliyosoma.

Wapo pia wanaojipigia wenyewe kwa simu, ile panorama ya kuzunguka mwili. Siwalaumu, simu za sasa ni nzuri. Lakini fanya jaribio hili: weka kidole mbele ya pua, fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kinaruka. Ukizunguka na simu mkononi, lenzi inatembea duara zima, na kila kilicho karibu kinaruka vivyo hivyo: fremu ya mlango inavunjika, kaunta ya jiko inapinda, mguu wa meza unakuwa miwili. Nje uwanjani haionekani sana kwa sababu vitu viko mbali. Ndani ya bafu la mita 1.5 inaonekana vibaya. Hata kamera zetu zenye lenzi mbili zina mstari wa kuungana picha ubavuni, ndiyo maana huwa tunaigeuza ili mstari huo uangukie ukuta mtupu, usiangukie mlango. Mwenye nyumba mmoja wa Madale aliposti panorama zake mwenyewe, watu wakaanza kumuuliza kwa nini nguzo za baraza zimepinda na kama nyumba ina nyufa. Nguzo zilikuwa wima kabisa, nimezipima mimi.

Malalamiko mengine ni ya linki kufa. Ziara haikai kwenye simu yako, inakaa kwenye seva, na seva hulipiwa. Ndivyo zinavyofanya kazi hata kampuni kubwa za nje kama Matterport ya Marekani, iliyoanza mwaka 2011: unalipia nafasi kadiri nyumba zako zinavyokaa hewani. Sisi mwaka wa kwanza umo ndani ya bei, kuanzia wa pili ni 60,000. Tunakumbusha mwezi mmoja kabla, kwa ujumbe na kwa simu. Usipolipa tunashusha ziara, hatuifuti, ukilipa inarudi siku hiyohiyo. Naomba madalali waache kugawa linki ya nyumba iliyokwisha kupangishwa mwaka juzi ili wapate hela ya kuonyesha nyumba nyingine. Mpangaji anayeikuta imekufa anatupigia sisi.

Kuhusu vitu vya ndani: kama familia bado inaishi humo, tutaomba mtoe picha za watoto ukutani, vyeti, dawa mezani, na karatasi yenye namba ya mita ya LUKU ambayo wengi huibandika jikoni. Kilichobaki tunakifunika wakati wa kuhariri picha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, sura ya mtu au jina lake kwenye cheti si jambo la kuachia linki inayozunguka magrupu ya WhatsApp.

Na ndugu zangu mlio nje, Oman, Uingereza, Marekani, mnaonunua na si kupanga: sisi tunawaonyesha kuta, paa, jiko na uwanja. Hatujui hati ni ya nani. Kuna kaka mmoja aliniambia alitulia kwa sababu ameona nyumba kwa macho yake, akataka kutuma malipo ya awali siku hiyo. Nilimsihi aweke mwanasheria afanye upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati kwanza, na mtu wake aende akaongee na mwenyekiti wa mtaa na majirani. Alikasirika kidogo, akaona namchelewesha. Afadhali akasirike.

Turudi Goba. Niliirudia nyumba ile yote kwa kamera ya laiza bila kumtoza mtu, nikachora ramani na kuandika vipimo vya kila chumba, na sasa vinaonekana kwenye linki. Ramani ndiyo iliyotuonyesha kwamba chumba cha mbele, alichokuwa amewekewa mjukuu, kina mita 3.6 kwa 3.3. Tukahamisha kitanda na kabati siku hiyo, mimi na kijana wangu wa kazi, mjukuu akapewa kile kidogo chenye kitanda cha 3 kwa 6. Dada wa Muscat alinitumia ujumbe wa sauti jioni, safari hii ukiwa na salamu.

Kile kifurushi cha 270,000 nimekifuta. Bei ya nyumba ya vyumba 3 ni 350,000 na vipimo vimo, anayetaka bila vipimo sitaweza kumhudumia. Ukitupigia, tuambie vyumba vingapi, kama kuna watu wanaishi humo, na dirisha la sebule linatazama wapi ili tujue tuje asubuhi au baada ya saa tisa. Milango yote iwe na funguo, stoo na choo cha nje pia. Na LUKU iwe na umeme, kwa sababu tumewahi kufika Bunju saa mbili asubuhi, stendi tumeshaisimamisha, taa zikazima zote, na mwenye nyumba yuko Mwanza.